Fizi Zikitoka Damu, Linda Moyo

Je, ukipiga mswaki unatema damu? Watu wengi husema, "Ni meno tu." Tena huacha kupiga mswaki kwa kuogopa damu. Hilo ni kosa.

Meno yasiposafishwa hushika ukoga. Ndani ya ukoga mna vijidudu vingi. Vijidudu hivyo hufanya fizi zivimbe na kutoa damu. Baadaye jino hulegea.

Fizi yenye ugonjwa ni kama ukuta wenye ufa. Vijidudu hupita hapo vikaingia katika damu, na damu huvifikisha moyoni. Moyo una milango 4 ya kupitishia damu. Moyo mzima kwa kawaida hauvipi nafasi. Lakini wako watu ambao milango hiyo imeharibika, kama waliougua homa ya baridi yabisi utotoni. Kwao vijidudu huweza kukaa mlangoni na kuula. Mgonjwa hupata homa isiyokwisha, jasho la usiku na kuishiwa pumzi. Asipotibiwa hospitalini hufa.

Basi fanya hivi:

1. Piga mswaki asubuhi na usiku kabla ya kulala. Mswaki wa mti pia unafaa. Sugua taratibu, hata damu ikitoka.

2. Acha tumbaku.

3. Damu isipokoma baada ya wiki 2, nenda kwa mganga wa meno.

4. Ukiwa na ugonjwa wa moyo, mwambie mganga kabla hajakung'oa jino. Huenda akakupa dawa kwanza.

5. Mtoto akiumwa koo, mpeleke zahanati mapema. Homa ya baridi yabisi huanzia hapo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta.