Barua ya Leseni ya Televisheni katika Uingereza

Wako wazazi wengi katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki ambao watoto wao wamekwenda Uingereza, wengine kusoma katika vyuo, wengine kuuguza wagonjwa hospitalini. Katika mambo yamshtuayo mgeni kule ni barua moja. Hajamaliza hata mwezi katika chumba alichokipanga, naye aikuta imeanguka nyuma ya mlango. Juu yake hapana jina lake. Imeandikwa kwa mkaaji wa nyumba ile, awe nani awaye. Akiifungua asoma kwa herufi nene kwamba nyumba hii haina leseni ya televisheni, kwamba faini yaweza kufika paundi 1,000, na kwamba wakaguzi waweza kuja kubisha hodi.

Naye kijana wa watu hana televisheni. Kwa hofu hukimbia akalipa fedha asiyodaiwa, fedha ambayo ingemnunulia chakula cha majuma mengi. Mwingine huzima taa kila mlango unapogongwa. Twapenda leo kueleza asili ya barua hii na jinsi ya kuipokea, ili wazazi wapate kuwajibu watoto wao kwa maneno yenye faida.

Waingereza walianza kulipia leseni ya redio katika mwaka 1922, shilingi kumi kwa mwaka. Leseni ya televisheni ilifuata mwaka 1946, nayo ilikuwa paundi mbili. Ile ya redio ilifutwa mwaka 1971, na tangu hapo mtu asikilizaye redio peke yake hadaiwi kitu. Ya televisheni imebaki, na fedha yake ndiyo iliyoilisha BBC miaka hii yote. Katika mwezi wa Aprili 2025 iliwekwa kuwa paundi 174.50 kwa mwaka. Tangu mwaka 1991 kazi ya kuikusanya i mikononi mwa BBC yenyewe, nayo huwapa makampuni waifanye kwa jina la TV Licensing. Jina hili lakumbukwe vema, kwa maana ndilo lililo juu ya barua. Si jina la polisi, wala si la korti.

Sasa, ni nani apaswaye kuwa na leseni? Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Wengi hudhani kwamba ukiwa na televisheni nyumbani umekwisha kuwa mdaiwa. Sivyo. Sheria haiulizi una chombo gani; yauliza wakitumia kwa kazi gani. Leseni yatakiwa kwa mambo mawili. La kwanza ni kutazama au kunasa kipindi cha televisheni wakati ule ule kinapotangazwa, kwa chombo cho chote, iwe simu ya mkononi au kompyuta. La pili ni kutumia iPlayer ya BBC, hata kwa kipindi kilichokwisha kupita. Neno hili liliongezwa tarehe 1 Septemba 2016. Mtu atazamaye filamu alizonunua, au vipindi vya zamani katika huduma nyingine za intaneti, hahitaji leseni, hata kama ana televisheni kubwa kama mlango.

Lakini na tuseme neno moja kwa ajili ya watu wetu hasa. Kijana aweza kusema, “Mimi sitazami televisheni ya Waingereza, natazama taarifa ya habari ya kwetu tu.” Akiitazama kesho yake, imekwisha kuwekwa katika intaneti, hana deni. Akiitazama saa ile ile inaposomwa katika stesheni ya Dar es Salaam au Nairobi, yampasa leseni, kwa kuwa sheria haibagui stesheni ya nchi hii na ya nchi ile. Vivyo hivyo mpira. Wengi wamenaswa hapa, nao hawakuwa na nia ya kumdhulumu mtu. Na mwanafunzi akaaye bweni asidhani kwamba leseni ya sebule ya chuo yafunika chumba chake. Haikifuniki.

Basi mbona barua humjia asiyedaiwa? Sababu yake ni nyepesi. Ofisi ile ina daftari la nyumba za Uingereza, yapata milioni 30, na karibu na kila nyumba imeandikwa kama ina leseni ama haina. Isiyo na leseni hupelekewa barua, na isipojibu hupelekewa nyingine iliyo kali kupita ile ya kwanza. Daftari halijui nani anakaa ndani wala anatazama nini. Kwa hiyo ile barua, pamoja na ukali wake wote, si hukumu, wala si ushahidi kwamba mtu amefanya kosa. Kwa maoni yetu ingefaa iandikwe kwa lugha ya upole zaidi, maana humtisha bibi kizee asiye na kosa sawasawa na mjanja aliye nalo.

Asiyehitaji leseni ana njia mbili. Aweza kuiambia ofisi kwamba haihitaji, kwa simu, kwa barua au kwa intaneti. Barua zitakoma kwa muda, pengine miaka miwili, kisha ataulizwa tena. Ofisi yaweza pia kumtuma mkaguzi kuhakikisha. Au aweza kunyamaza, kwani hakuna sheria imlazimishayo mtu asiyetazama kueleza kwamba hatazami. Ila barua zitaendelea kuja. Sisi twaona ni afadhali kusema, mradi asemalo liwe kweli. Aliyekwisha kulipa kwa hofu aweza kuomba arudishiwe fedha ya miezi iliyobaki.

Mkaguzi akija, kijana asifunge mlango kwa matusi wala asikimbilie dirishani. Mkaguzi yule si askari. Hawezi kuingia ndani pasipo ruhusa ya mwenye nyumba, isipokuwa ameleta hati ya hakimu ya kupekua, na hati hiyo haitolewi ila kwa sababu. Mwenye nyumba aweza kumwambia kwa adabu, “Samahani, sitakukaribisha ndani,” akaishia hapo. Tena mtu halazimishwi kujibu maswali yake. Kesi nyingi hazitoki katika magari yale ya kupeleleza, ambayo Waingereza walianza kuonyeshwa mwaka 1952 wakayaogopa sana. Hutoka katika maneno ya mtu mwenyewe, aliyoyasema mlangoni, yakaandikwa katika karatasi, naye akatia sahihi bila kuisoma. Asiyeelewa Kiingereza cha karatasi asitie sahihi. Katika mambo haya wanawake wameshtakiwa wengi sana kupita wanaume, na BBC ilipochunguza jambo hili mwaka 2017 ilionekana kwamba sababu moja ni hii, wao ndio hukutwa nyumbani na kufungua mlango. Basi mzazi mwenye binti kule na amwonye mapema.

Liko jambo jingine, nalo ni kubwa kuliko yote tuliyoyataja. Mtu aliyezoea kuzitupa barua za ofisi aweza siku moja kuitupa barua ya korti. Hizi mbili hazifanani. Ya ofisi mara nyingi haina jina. Ya korti ina jina lake kamili, ina namba ya kesi, nayo yataja siku ambayo yasemekana alifanya kosa. Katika Uingereza na Wales tangu mwaka 2015 kesi ndogo kama hizi huweza kukatwa na hakimu mmoja katika chumba, kwa karatasi tu, mshtakiwa asiwepo. Hupewa siku 21 za kujibu kama akiri au akana. Akikaa kimya, hakimu aweza kukata kesi bila yeye, akatozwa faini na gharama juu yake. Kosa lenyewe halimpeleki mtu kifungoni, lakini faini iliyoamriwa na korti ikipuuzwa kwa makusudi yaweza kumfikisha huko mwishowe.

Na yule aliyehama chumba, barua ya korti ikabaki katika nyumba ya zamani, naye akaja kusikia habari ya faini baadaye? Huyu asikate tamaa. Aende kortini katika siku 21 tangu alipopata habari, aape mbele ya hakimu kwamba hakujua kuwa ameshtakiwa. Hukumu ile ya kwanza itaondolewa, na kesi itaanza upya, naye akiwapo.