Ufunguo wa Chombo na Ufunguo wa Wimbo: Kutafuta Lahani za Kiayalandi zenye Funguo Adimu kwa Filimbi, na Funzo lake kwa Watafiti wa Muziki Mkoani Songwe

Mwalimu wa kwaya mjini Tunduma aliyeandika "Doh ni G" anaweza kuishusha hadi F endapo sauti ya kwanza inakwama juu, asibadili nota hata moja. Kwa mwimbaji, ufunguo ni kimo tu. Kwa mpiga filimbi sivyo, kwa kuwa matundu yamekwisha kutobolewa na vidole haviwezi kuyahamisha. Makala haya yanadai kwamba uadimu wa ufunguo si sifa ya wimbo peke yake, bali ni uhusiano kati ya wimbo na chombo. Mtafiti anayeupuuza uhusiano huo hupoteza ushahidi.

Filimbi ya mbao inayopigwa katika muziki wa asili wa Ayalandi ina matundu sita ya vidole. Yakizibwa yote hutoa D. Yakifunguliwa moja baada ya jingine kuanzia chini hutoa E, F shapu, G, A, B na C shapu. C ya kawaida hupatikana kwa kuacha wazi tundu la juu na kuziba yanayolifuata. Kwa hiyo Doh D na Doh G hupigika kwa urahisi, pamoja na lahani zinazotulia kwenye Re, So au La ya ngazi hizo. Lahani inayotulia kwenye E, A au B huenda isiwe adimu hata kidogo.

Uadimu huanza pale F ya kawaida au B flati inapohitajika, yaani katika Doh C, Doh F na Doh B flati, ambayo La yake ni G. Hapo mpigaji huziba nusu ya tundu, au hutumia filimbi yenye vibonyezo vya chuma, kama zile za vibonyezo sita au nane zilizoenea katika karne ya 19.

Lahani za namna hii zipatikane wapi? Chanzo cha kwanza ni wapiga fidla, kwa sababu chombo chao hakiwafungi katika ngazi mbili. Tungo za Paddy Fahey wa mashariki ya Galway na za Ed Reavy aliyehamia Philadelphia ni mifano mizuri. Chanzo cha pili ni mikusanyiko iliyochapishwa, kama ule wa lahani 1,850 uliotolewa mwaka 1903 na Francis O'Neill, mkuu wa polisi wa Chicago ambaye mwenyewe alipiga filimbi. Chanzo cha tatu ni mikusanyiko ya kompyuta iliyoandikwa kwa mfumo wa ABC, ambamo mstari unaoanza na K: hutaja ufunguo na huweza kutafutwa moja kwa moja.

Hata hivyo, alama ya ufunguo haitoshi. Mtafutaji apime mambo matatu. Kwanza, nota ya chini kabisa: fidla hushuka hadi G, ilhali filimbi hukomea D. Pili, nota ambayo lahani hutulia. Tatu, nota zinazotumika kweli: lahani ya Doh C isiyogusa F hata mara moja hupigika bila kibonyezo chochote.

Lahani isipoingia, huhamishwa ufunguo au hubadilishwa chombo. Wapiga nai wa taarabu ya Zanzibar huchagua njia ya pili kwa kuwa na nai za urefu tofauti. Filimbi za Kiayalandi pia hutengenezwa katika C, E flati na B flati. Kwa hesabu ya mwanzo, bomba lililo wazi pande zote mbili huhitaji takriban sentimita 58 kwa D, 66 kwa C na 49 kwa F.

Funzo kwa Songwe ni hili. Mtafiti atakayerekodi filimbi mkoani humo kisha akaandika kila wimbo katika Doh C ili usomeke kwa urahisi, atakuwa amefuta habari za chombo: kimo chake, matundu yake na sababu ya nota fulani kuepukwa. Kimo chenyewe kipimwe kwa tahadhari. Joto likiongezeka kwa nyuzi 10 za Selsiasi, sauti ya filimbi ambayo bado haijapashwa joto na pumzi hupanda kwa karibu theluthi ya nusutoni. Asubuhi ya baridi Mbozi na mchana wa bonde la Rukwa, wilayani Momba, zinaweza kuifanya filimbi moja ionekane kama mbili.

Kwa hiyo kila rekodi iambatane na urefu wa bomba, nafasi za matundu, joto la hewa na nota ya matundu yote yakiwa yamezibwa. Nota za Doh C zinaweza kufuata baadaye, zikiwa msaada kwa msomaji na si mbadala wa vipimo hivyo.