Msumeno wa Zamani: Ondoa Nyekundu, Acha Nyeusi

Muhumba, ufukoni mwa Ziwa Kivu mjini Bukavu, mvua hunyesha kuanzia Septemba hadi Mei. Msumeno wa mkono wa enzi za Wabelgiji, mji ulipoitwa Costermansville, ukitundikwa ukutani bila mafuta utashika kutu hata usipoguswa na tone la mvua. Usiku bapa lake hupoa, mvuke wa hewani hulifunika kwa utando wa maji usioonekana, na oksijeni hufanya iliyobaki. Chumvi ya jasho la kiganja huharakisha uharibifu.

Kutu nyekundu hujaa nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Kwa hiyo huvimba, hubanduka na kuacha chuma kipya wazi kiliwe tena. Weusi laini wa miaka mingi ni jambo jingine kabisa: ni oksidi iliyoshikamana na bapa, nayo hulikinga kiasi. Anayeusugua mpaka bapa ling'ae anaondoa kinga hiyo.

Adui ninayemwogopa zaidi ya ziwa ni grinda ya umeme. Chuma cha msumeno, chenye kaboni isiyozidi sana asilimia 1, kilipashwa moto, kikapozwa ghafla, kisha kikapashwa tena kwa kipimo ili kiwe kigumu bila kuvunjika. Grinda ikikipasha moto kupita kipimo hicho, hulainika. Hapo ugumu umepotea, na jino halitashika makali tena. Isitoshe, misumeno bora ya kale, kama ya Disston wa Philadelphia, ilisagwa iwe myembamba mgongoni kuliko kwenye meno, isikwame ndani ya ubao. Mashine hula umbo hilo pamoja na jina la kiwanda lililochorwa ubavuni.

Tumia mafuta ya taa, mbali na moto, na msasa laini uliozungushwa kwenye kipande cha mbao, ukisugua kwa kufuata urefu wa bapa. Wekundu ukiisha, futa, kausha, pakaa mafuta ya cherehani au nta. Mpini upe mafuta ya kitani. Matambara yenye mafuta hayo yatandaze yakauke, maana yakirundikwa huweza kuwaka yenyewe. Meno yanolewe kwa tupa ya pembe tatu, na yaendelee kupinda kwa zamu kulia na kushoto, kwani upana wa mkato unaotokana na kupinda huko ndio unaolipa bapa njia.

Wewe uliyeachiwa msumeno na babu, usiupeleke kwenye grinda. Anza na kitambaa chenye mafuta, leo.