Diski Inapohama Seva

Mto Lufira ukishapita bwawa la Mwadingusha hushuka hadi Koni, ambako kampuni ya madini Union Minière ilijenga kituo cha umeme kilichoanza kazi mwaka 1950. Uwezo wake ni megawati 42, na leo kiko mikononi mwa SNEL, shirika la umeme la Kongo. Kituo cha namna hii huendeshwa kwa kumbukumbu: kimo cha maji cha kila siku, mtetemo wa mitambo, saa ambazo kila mashine ilisimama. Mashine ikiharibika hutafutwa nyingine, lakini mvua ya mwaka juzi haipimwi tena. Kwa hiyo seva yenye kumbukumbu hizo inapochakaa, kuhamisha diski zake si kazi ya kumkabidhi mtu mwenye bisibisi na haraka.

Wengi huamini kwamba ukiwa na diski umeshika data yote. Seva nyingi hutumia RAID, yaani diski kadhaa hubeba mzigo mmoja. Katika RAID 5, mafaili hukatwa vipande vinavyosambazwa kwenye diski zote, pamoja na hesabu ya kufidia diski moja ikifa. Ramani ya vipande hivyo huandikwa kwenye sehemu ndogo ya kila diski, kwa namna ambayo kontrola (kifaa kinachoongoza diski) ya kampuni nyingine huenda isiielewe kabisa.

Hatari kubwa kuliko zote iko hapo. Seva mpya ikikutana na diski isizozitambua huziita ngeni, kisha hukupa njia mbili: kuipokea ramani iliyopo au kuifuta na kuanza upya. Njia ya pili huandikwa kwa maneno mapole, kama vile kuandaa diski. Usiikubali, hata kama skrini inasisitiza. Kwenye Linux, programu ya mdadm ikipewa amri ya assemble huunganisha kilichopo. Ikipewa create huandika ramani mpya juu ya ile ya zamani. Nakusihi usiguse create hata kama umechoka na ni usiku.

Kabla ya yote, toa nakala ya akiba kwenye chombo kingine, kisha ujaribu kuisoma. Nakala na diski zisisafiri kwenye gari moja.

Mjini Likasi umeme hukatika, ingawa maporomoko yanayouzalisha hayako mbali. Umeme ukikatika ghafla, kontrola huweza kubaki na data ambayo haijaandikwa, huku betri yake ndogo ikiitunza kwa muda tu. Ukichomoa diski katika hali hiyo, unaacha sehemu ya data nyuma. Iwashe seva ya zamani kwa jenereta, iache imalize kuandika, kisha uizime kwa amri yake yenyewe. Subiri sahani zinazozunguka ndani ya diski zitulie kabla ya kuzichomoa. Andika kwenye kila moja namba ya nafasi yake. Kontrola nyingi za sasa hutambua mpangilio zenyewe, lakini za zamani si zote.

Diski iliyofungwa kwa BitLocker, kufuli la data la Windows, inahitaji jambo la ziada. Ufunguo wake mara nyingi hulindwa na chipu iliyo kwenye seva ya zamani, na chipu hiyo haihami na diski. Tafuta mapema ufunguo wa akiba wa tarakimu 48 na uuandike kwenye karatasi.

Kwenye seva mpya, fungua diski kwa kusoma tu, bila ruhusa ya kuandika. Linganisha mafaili na nakala ya akiba kwa hesabu za uhakiki, wala usiridhike na kuona majina ya mafaili. Mpaka hesabu zikubaliane, seva ya zamani isivunjwe wala kuuzwa vipuri: kontrola yake huenda ndiyo pekee iliyobaki mjini inayoisoma ramani ile.