Kwa nini pikapu za mizigo hunywa dizeli kupindukia

KILA tarehe 14 ya mwezi, wafanyabiashara wa Thika na Ruiru husubiri kwa wasiwasi taarifa ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA). Bei inayotangazwa siku hiyo ndiyo itakayotumika kwa mwezi mzima, na kwa yule anayesafirisha mawe ya ujenzi, nanasi au maziwa kwa pikapu, nyongeza ya shilingi chache kwa lita yaweza kumeza faida yote.

Mnamo Septemba 2023, bei ya dizeli jijini Nairobi ilipita Sh200 kwa lita, miezi michache baada ya ushuru wa VAT kwa mafuta kupandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Bei hiyo hakuna dereva awezaye kuibadilisha. Lakini kiasi cha mafuta kinachoteketea ndani ya injini kimo mikononi mwake kuliko wengi wanavyodhani.

Chukua mfano wa pikapu inayokwenda kilomita 120 kwa siku, yaani safari tatu za kwenda na kurudi baina ya miji hiyo miwili. Ikiwa inakwenda kilomita nane kwa lita, itahitaji lita 15. Ikifikishwa kilomita 10 kwa lita, itahitaji lita 12 pekee. Lita tatu kwa siku ni lita 78 kwa mwezi wa siku 26 za kazi, na kwa bei ile ya Septemba 2023, hizo ni zaidi ya Sh15,600.

Hatua ya kwanza ni kupima, na hapa ndipo wengi hujidanganya. Mshale wa tangi si kipimo. Jaza tangi mpaka pomoni, andika kilomita zilizoonyeshwa na gari, fanya kazi kwa siku kadhaa, kisha ujaze tena katika kituo kile kile. Gawanya kilomita ulizokwenda kwa lita ulizoongeza. Fanya hivyo mara tatu au nne kabla ya kubadilisha chochote, kwani safari ya mzigo mzito na ile ya gari tupu haziwezi kulinganishwa.

Baada ya hapo, tazama mwendo. Tangu barabara kuu ya Thika ifunguliwe rasmi mnamo Novemba 2012, kishawishi cha kukanyaga mafuta kimekuwa kikubwa. Upinzani wa hewa hauongezeki sambamba na mwendo, bali hupanda kwa kipeo cha pili. Gari linalotoka kilomita 80 kwa saa hadi 100 hukabiliwa na upinzani wa hewa uliozidi kwa zaidi ya nusu. Pikapu yenye vyuma virefu nyuma na turubai linalopepea huumia zaidi, kwa kuwa umbo lake ni kama la ukuta unaosukumwa dhidi ya upepo. Mwenye kushusha mwendo hadi 80 kati ya Juja na Ruiru atachelewa kwa dakika chache tu, na pengine dakika hizo angezipoteza vivyo hivyo kwenye msongamano wa Githurai.

Kuna desturi nyingine ambayo madereva wengi huiamini kama dini: kutoa gia wanapoteremka, mathalani kuelekea kwenye daraja la mto Ndarugu, wakidhani wanaokoa mafuta. Ukweli ni kinyume. Gari likiwa ndani ya gia na mguu ukiondolewa kwenye kanyagio la mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na pampu hukata mafuta kabisa. Gia ikitolewa, injini hulazimika kuchoma dizeli ili isizimike. Isitoshe, dereva hupoteza nguvu ya injini ya kulizuia gari, na kubaki na breki pekee huku nyuma kukiwa na tani nzima ya mawe. Hatari hiyo haina hata faida ya senti moja.

Kisha kuna suala la hewa, ambalo katika sehemu hii ya nchi lina uzito wake. Thika na Ruiru ziko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban sehemu moja kati ya saba. Injini yenye taabo hujitahidi kufidia upungufu huo. Isiyo na taabo haiwezi, na ikiwa pampu yake imefunguliwa kupita kiasi na fundi aliyetaka "kuiongezea nguvu", mafuta ya ziada hukosa hewa ya kuungua nayo. Matokeo yake ni ule moshi mweusi tunaouona milimani. Moshi huo ni dizeli iliyolipiwa ikatupwa hewani.

Vumbi huzidisha tatizo hilo. Pikapu zinazoingia kwenye machimbo ya mawe ya Ndarugu hupita njia za udongo zinazoziba kichungi cha hewa mapema kuliko kitabu cha gari kinavyoeleza. Kwa magari hayo, kichungi kikaguliwe kila wiki. Moshi ukiendelea hata baada ya kichungi kubadilishwa, nozo zipelekwe kupimwa kwenye mashine, wala zisikisiwe kwa sikio.

Magurudumu yanahitaji maneno machache tu: yajazwe upepo yangali baridi, kwa kiwango cha mzigo kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango. Aidha, gusa ringi baada ya safari, kwa uangalifu. Moja ikiwa na joto kuliko nyingine, huenda breki yake imekwama, na injini imekuwa ikishindana nayo mchana kutwa.

Kuhusu sumaku na vifaa vinginevyo vinavyouzwa kwa ahadi ya kupunguza mafuta, shirika la kulinda mazingira la Marekani limechunguza zaidi ya vifaa 100 vya aina hiyo na kupata vichache mno vyenye manufaa yoyote, tena madogo.

Hatimaye, mafuta yenyewe. Kwa miaka mingi dizeli ilichanganywa na mafuta taa kwa sababu yalikuwa rahisi, hadi serikali ilipoweka tozo ya Sh18 kwa lita ya mafuta taa mnamo 2018. Mafuta taa yana nguvu kidogo kwa kila lita, na hayalainishi pampu inavyostahili. Ikiwa kilomita kwa lita zinashuka kila unapojaza katika kituo fulani na kupanda unapohamia kingine, weka risiti zako na upeleke malalamishi EPRA, ambayo ndiyo yenye mamlaka ya kupima mafuta ya kituo hicho.