Mtoto Wetu Yuko Chuoni: Je, Anajifunza Nini?

Mzazi mmoja wa huku Tunduma alitujia na swali, nasi twaona ni vema kulijibu mbele ya wote, maana swali lake si la nyumba moja. Mzee huyu ni mkulima wa mahindi. Binti yake yuko mwaka wa pili katika chuo kimoja cha Mbeya, na ili afike huko baba aliuza ng'ombe wawili na mavuno ya misimu miwili. Jioni ile alikuwa ameshika simu mkononi, akatusomea habari alizoletewa na binti yake. Zilikuwa habari mbili. Ya kwanza, wanafunzi wenzake wamemchagua kuwa mweka hazina wa umoja wao. Tena huimba katika kwaya, na huhudhuria chama cha majadiliano. Ya pili, ameanguka katika somo moja, itampasa kufanya mtihani wa marudio.

Mzee akasema, "Mwalimu, mimi nilimpeleka kusoma, sikumpeleka kukaa vikaoni. Je, nimwambie aviache vyote?"

Tulimwomba atupe siku chache. Wazazi wengi wa hapa mpakani wana fikira kama yake, wala si ajabu. Malori hupanga foleni usiku na mchana, fedha za nchi mbili hubadilishwa kando ya njia, na kijana aliyeacha shule akabeba mizigo huirudi nyumbani jioni na noti mfukoni. Mzazi anayempeleka mtoto chuoni hungoja miaka mitatu bila kuona kitu. Basi yafaa ajue kwa hakika mtoto wake anajifunza nini huko, na je, mambo ya nje ya darasa ni faida au ni hasara.

Kwa jibu hatuna haja ya kwenda mbali. Ukivuka mpaka wetu ukaingia Nakonde, upande wa Zambia, Mwenzo ni karibu. Watu wa huko ni Wanyamwanga, ndugu zao hao hao wanaokaa upande wetu. Mpaka waliuweka wakubwa wa Ulaya, hawakuuweka wao. Katika miaka ya 1890 wamisionari wa Livingstonia, watu wa Uskoti, walijenga kituo Mwenzo, karibu na ile njia iliyoitwa ya Stevenson, iliyotoka Ziwa Nyasa kuelekea Ziwa Tanganyika. Upande wetu Wamoraviani walianza kazi Rungwe mwaka 1891, wakafika Mbozi mwaka 1899. Hivyo shule zilianza huku na huku wakati mmoja.

Lakini mwanafunzi wa Mwenzo aliyetaka elimu ya juu ilimpasa kwenda Khondowe, katika nchi inayoitwa leo Malawi. Huko, juu ya uwanda ulioinuka sana kando ya Ziwa Nyasa, Dr. Robert Laws alianzisha mwaka 1894 chuo kilichoitwa Overtoun, kwa heshima ya tajiri wa Uskoti aliyekisaidia kwa fedha. Safari ilikuwa ya siku nyingi kwa miguu. Na aliyefika alikuta mambo mengi kuliko kitabu. Walifundishwa ualimu, na dini, na kuuguza wagonjwa. Tena walifundishwa useremala, uashi na kupiga chapa. Mwanafunzi alisoma, kisha akashika kazi kwa mikono yake.

Tena palikuwa na somo moja lisiloandikwa katika ratiba. Watonga, Watumbuka, Wangoni, Wangonde na Wanyamwanga waliishi mahali pamoja. Baba zao walikuwa wamepigana vita. Watonga na Watumbuka walikumbuka vizuri mashambulio ya Wangoni. Sasa watoto wao walikaa benchi moja, wakala chakula kimoja, wakatengeneza mlango mmoja, huyu akishika msumeno na huyu akishika ubao. Wahenga walisema, maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Kijana aliyetoka kijijini akidhani kifuu chake ni bahari, alipofika Khondowe aliona kwamba dunia ina watu wengine, wenye akili kama yake au zaidi.

Mmoja wa vijana wa Mwenzo waliosoma huko aliitwa Donald Siwale. Huko Khondowe alijuana na David Kaunda, Mtonga. Baada ya masomo kila mmoja alishika kazi ya nchi. Kaunda alikwenda kufundisha katika nchi ya Wabemba, Chinsali, na mwaka 1930 akawekewa mikono ya uchungaji. Lakini urafiki wa chuoni haukufa. Mwaka 1912 wasomi wa Livingstonia waliokuwa upande wa kaskazini wa Nyasa, naye Levi Mumba mmoja wao, walianzisha chama cha wenyeji, ili wakutane, wazungumze mambo ya nchi yao kwa utaratibu na kuyafikisha mbele ya serikali kwa adabu. Siwale na Kaunda na wenzao wakataka chama cha namna ile kwa watu wa Mwenzo.

Vita ya 1914 ikawakatiza. Mpaka huu wetu ukawa uwanja wa majeshi. Hata mwisho kabisa, Novemba 1918, jeshi la Wajerumani lilipita Fife na Mwenzo. Wengine wangalisema, mambo yamekwisha. Lakini mwaka 1923 wale rafiki wa chuoni walikusanyika tena, na chama cha Mwenzo kikasimama. Huhesabiwa kuwa cha kwanza cha namna yake katika nchi iliyoitwa wakati ule Rhodesia ya Kaskazini. Hakikuwa na silaha wala mali. Watu walikaa, wakasikilizana, wakaandika waliyokubaliana, wakauliza habari za kodi na za maisha ya wenyeji.

Chama chenyewe hakikudumu miaka mingi, kwa kuwa waliokiongoza walitawanywa na kazi zao. Lakini vingine vilifuata mahali pengi. Mwaka 1946 vyama hivyo viliungana, na mwaka 1948 muungano huo ukageuka kuwa kongresi ya nchi nzima. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1964, rais wake wa kwanza alikuwa Kenneth Kaunda, mwana wa David, yule mwanafunzi wa Khondowe. Na kule Khondowe kwenyewe kuna chuo kikuu tangu mwaka 2003.

Mfano wa pili wajulikana na kila mwalimu. Julius Nyerere aliingia Makerere mwaka 1943, akiwa kijana wa miaka ishirini na moja hivi. Alikuwa amezaliwa Butiama, katika nyumba ya mtemi mwenye wake ishirini na wawili. Huko Makerere alisomea ualimu, na mwezi wa Desemba mwaka ule ule, akiwa likizoni kwao, alibatizwa. Alisoma kwa bidii, naam. Lakini tazameni aliyoyafanya nje ya darasa. Pamoja na wanafunzi wenzake wa Tanganyika aliunda chama cha kuangalia hali ya watu wa nchi yao, na baadaye wakakiunga na African Association, kile chama kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1929. Tena aliandika insha kwa mashindano ya nchi zetu za Afrika ya Mashariki, akapata tuzo. Insha ile ilitumia hoja za John Stuart Mill, mwanafalsafa wa Kiingereza, kueleza hali ya wanawake wa kabila lake mwenyewe.

Hapo twaomba wasomaji wasimame kidogo. Wanafunzi wengi husoma kitabu cha Mzungu ili wakijibu katika mtihani, kisha hukisahau. Kijana huyu alisoma kitabu cha mbali, akakichukua mpaka nyumbani kwao, akawatazama mama zake kwa macho mapya. Huko ndiko kukua kwa mwanafunzi: kwamba elimu aliyopewa imrudishe kwao akiona jambo ambalo zamani alipita akiliacha. Mwaka 1945 alimaliza Makerere, akaenda kufundisha Tabora, na mwaka 1949 akaenda Edinburgh kuendelea na masomo. Mwaka 1954 TANU ilipoundwa, aliyechaguliwa kuiongoza alikuwa mtu aliyekwisha zoea tangu ujana kukaa kikaoni, kusikiliza, na kujibu bila hasira.

Lakini tusidanganyane. Wale wote walishika vitabu vyao barabara. Siwale asingeaminiwa na wenzake kama asingejua kuandika vema, wala Nyerere hakuacha masomo ya ualimu kwa ajili ya vikao. Wako wanafunzi wanaojificha katika mikutano kama mvivu anavyojificha katika maradhi. Ana vyeo vitatu, hana hata kimoja anachokitimiza. Ukimwuliza habari za masomo, hukujibu habari za uchaguzi. Mzazi akimwonya mtoto wa namna hiyo hakukosea.

Basi binti yule alipokuja likizo, baba yake alimleta kwetu. Alitusalimu, "Shikamoo, Mwalimu," akaketi karibu na mlango. Tulimwuliza, "Mwanangu, katika mambo haya yote, lipi limekufundisha zaidi?" Tulidhani atataja kwaya. Akasema, "Ni ile kazi ya fedha." Akanyamaza. Baba yake akamwambia aendelee.

Akasimulia hivi. Mwenzao mmoja aliugua, wanafunzi wakachanga ili arudishwe kwao. Binti alipokea michango, huyu mbele ya bweni, huyu njiani, wala hakuandika majina papo hapo. Usiku alipohesabu alikuta shilingi 40,000 zimepungua katika zile zilizoahidiwa kuwa zimetolewa. Hakuna aliyejua isipokuwa yeye. Alilala nalo siku mbili. Siku ya tatu, katika kikao, alisimama mbele ya wavulana na wasichana, magoti yakimtetemeka, akasema, "Fedha zimepungua mikononi mwangu, nami sikuandika kama ilivyonipasa. Nitalipa." Walitaka kumsamehe, hakukubali. Kwa majuma matano alisuka nywele za wenzake kila jioni, akalipa zote. Na jioni zile ndizo alizopaswa kujisomea lile somo aliloanguka.

Baba yake alikuwa hajalisikia jambo hili. Alikaa kimya, kisha akauliza, "Mbona hukuniambia?"

Akajibu, "Baba, niliona ng'ombe wamekwisha."

Wapenzi wasomaji, mzee yule aliinama akaitazama mikono yake, nasi tulinyamaza pamoja naye. Alikuja kwetu akiuliza kama fedha zake zimepotea bure. Sasa alijua kwamba kwa ng'ombe wale wawili amepata mtoto anayeweza kuaminiwa na mali ya watu. Lakini alijua pia kwamba somo lile limeanguka kweli, na marudio yanamngoja.

Tuliketi wote watatu tukashauriana. Hatukumwamuru binti, tulimwuliza aseme mwenyewe ataacha nini na atashika nini. Akafikiri, akasema ataacha chama cha majadiliano mpaka mtihani upite, na hatasafiri na kwaya muhula huu. Uweka hazina hatauacha, maana sasa ana daftari, na kila senti huiandika mbele ya aliyeitoa. Baba akasema, "Hilo la daftari shika." Tena akamwambia kwamba siku nyingine akipatwa na shida, aseme, hata kama zizi ni tupu.

Kwa hiyo jibu letu kwa wazazi ni hili. Msimwulize mtoto alama zake tu, wala msifurahie cheo chake tu. Mwulizeni, "Unakaa na nani? Wamekupa kazi gani? Ulipokosa, ulifanyaje?" Majibu ya maswali hayo hayaandikwi katika cheti, nayo ndiyo yatakayoonekana atakaporudi kukaa kati yetu. Na ninyi waalimu wenzetu wa shule zetu za Mbozi, Momba, Ileje na Tunduma, msingoje chuo kikuu. Mpeni mtoto wa darasa la sita ufunguo wa stoo ya majembe, na daftari la kuandika nani amechukua na nani amerudisha. Akikosa, mwonyeni kwa upole, kisha mpeni ufunguo tena.

Mtihani wa binti yule bado haujafika. Juma lililopita tulimwona baba yake sokoni akinunua kalamu na daftari kubwa la mistari. Tulipomwuliza ni la nani, alisema ni lake mwenyewe. Ataka kuandika mahindi yanayoingia na yanayotoka, kwa maana binti amemwonyesha namna yake.