Theluji, Barafu au Sakitu? Istilahi za Maji Yaliyoganda na Maisha ya Viumbe katika Nyanda za Juu za Mlima Elgon

Asubuhi isiyo na mawingu, mtu aliyeko Tororo huuona Mlima Elgon upande wa kaskazini-mashariki. Aliyeko Busia naye huuona, ila kwa mbali zaidi. Weupe unapotokea juu ya mlima huo, wengi husema kwamba kuna “barafu”. Makala haya yanadai kwamba neno hilo limebebeshwa mzigo usio wake, na kwamba kosa hilo linaharibu maelezo yetu ya kisayansi kuhusu mlima wenyewe.

Tuanze na asili ya maneno. Theluji limetokana na Kiarabu, barafu na Kiajemi. Katika Kiajemi neno hilo humaanisha theluji, lakini kwetu limekuwa jina la maji yaliyoganda yakawa kitu kigumu, kama yale ya friji. Kwa umande ulioganda tunayo sakitu na jalidi, ingawa ni nadra kuyasikia nje ya kamusi. Matonge yanayoanguka pamoja na mvua huitwa mvua ya mawe. Hali haiko hivyo katika Kiganda, lugha isikikayo sana Busia upande wa Uganda: humo omuzira hutumika kwa theluji na kwa mvua ya mawe pia. Mwanafunzi wa huko anapojifunza Kiswahili hulazimika kuligawa neno moja mara mbili.

Tatizo hili lina historia. Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann alipouona weupe wa Kilimanjaro, kiongozi wake wa safari aliuita baridi tu. Alitaja hisia, kitu chenyewe hakukitaja. Huko London wapo wanajiografia waliokataa kwa miaka kadhaa kuamini kwamba theluji ingeweza kuwapo karibu na ikweta.

Elgon haina barafu ya kudumu kama Kilimanjaro, Mlima Kenya na Ruwenzori, ijapokuwa iliwahi kuwa nayo katika enzi za kale za baridi kali. Kilele chake cha Wagagai kina urefu wa mita 4,321, nao mji wa Tororo uko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Kwa kuwa joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 0.6 hivi kwa kila mita 100 za kupanda, tofauti kati ya mji na kilele hukaribia nyuzi 19 za Selsiasi. Theluji huanguka huko mara chache, hasa hewa inapokuwa na unyevu, nayo aghalabu huyeyuka jua likipanda. Sakitu ina tabia nyingine. Kiangazi kinapoanza mwezi Disemba, mawingu hupungua, ardhi hupoteza joto lake usiku kuelekea anga tupu, na alfajiri nyasi huwa nyeupe. Weupe huo haukuanguka kutoka popote, bali ni mvuke ulioganda juu ya majani. (Wafasiri wanaotafuta “mwanzo wa majira ya baridi” katika mlima huu watataabika bure, kwani baridi yake huja kila usiku na kuondoka kila asubuhi. Kipupwe cha pwani hakitawafaa.)

Viumbe wa nyanda hizo wamejijenga kulingana na mzunguko huo. Mmea mkubwa uitwao Dendrosenecio elgonensis hukunja majani yake usiku kuifunika chipukizi, na majani yaliyokufa hubaki yameuzunguka mti kama blanketi, yakiyakinga maji ya ndani yasigande. Baadhi ya lobelia kubwa hutunza maji katikati ya majani yao. Usiku uso wa maji hayo hugeuka barafu, huku maji ya chini yakibaki majimaji na kuihifadhi chipukizi. Anayeandika “theluji” hapa ameufisha ufafanuzi wote, kwa sababu msomaji atadhani kwamba mmea umefunikwa kutoka juu. Panya wa jamii ya Otomys, ambao spishi zao mbili, jacksoni na barbouri, zinajulikana kuishi Elgon pekee, huishi kati ya mashungi ya nyasi, na chini ya nyasi hizo baridi ya usiku hupungua makali.

Tofauti hizi zina uzito hata kwa wakazi wa bondeni. Mvua ya mawe yaweza kuanguka Tororo kwenyewe, mahali penye joto, na kuharibu mahindi. Sakitu huashiria usiku mkavu usio na mawingu. Theluji huhitaji baridi na unyevu kwa pamoja. Taarifa isemayo tu kwamba “barafu ilionekana mlimani” haimwezeshi mtafiti kujua ni ipi kati ya hali hizo tatu iliyotokea, na kumbukumbu ya namna hiyo haitasaidia kupima mabadiliko ya tabianchi.

Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022, na vitabu vya sayansi na jiografia vya Kiswahili vitahitajika pande zote mbili za mpaka. Tunapendekeza waandishi wake waifufue sakitu, waiachie barafu maana ya maji yaliyoganda yakawa kitu kigumu, na wasiogope kuitaja omuzira darasani mwalimu anapoeleza kwa nini Kiswahili kina maneno mawili mahali ambapo Kiganda kina moja.